Mgeni wa Mashine ya Nne

Jumatatu, Machi 2

Daftari hili si langu. Daktari wa figo alimwagiza Mama aandike kila siku amekunywa maji kiasi gani na ana uzito gani, na Mama akajibu kwamba yeye hakusomeshwa ili uzeeni aje kuandika habari za mkojo wake. Basi kazi imeniangukia mimi. Ukurasa mmoja kwa siku, mistari ishirini na minane, na mambo ya Mama yanakula mistari miwili tu. Hiyo mingine siiachi ikae bure.

Mama: kilo 53.8 kabla ya mashine ya kusafisha damu, 52.1 baada. Maji: vikombe viwili na nusu kwa maneno yake. Mimi nasema vitatu.

Mvua imeanza leo. Mama amekaa dirishani anaiangalia. Mtu aliyekatazwa maji, halafu maji yanamwagika mbele yake siku nzima bila kipimo. Nimempa kipande cha barafu akafyonza huku amenuna.

Kaka ameondoka jana kurudi kwake. Alikaa siku nne, akabadilisha balbu mbili na kunipa ushauri kumi na tano. Kipimo cha Mama cha homa ya ini, kile cha kila miezi mitatu, amesema ameshakishughulikia kule maabara. Nimemshukuru kwa dhati. Jambo moja limetoka kichwani mwangu.

Jumatano, Machi 4

Kilo 54.0, kisha 52.2. Maji: "kidogo." Mvua.

Ijumaa, Machi 6

Kilo 53.7, kisha 52.0.

Leo kidogo yatufike makubwa. Niandike kwa utaratibu, maana kesho nitakuwa nimesahau nani alisema nini.

Kitengo cha kusafisha damu kina mashine kumi. Nane zina stika nyeupe. Mbili, ya tisa na ya kumi, zina stika ya njano na zimetengwa nyuma ya kioo. Hizo ni za wagonjwa wenye homa ya ini. Virusi vyake hupita kwenye damu, na damu ndiyo kazi ya chumba kile. Mfumo wa kompyuta unaopanga nani akae mashine ipi niliuandika mimi, peke yangu, miaka mitatu iliyopita. Hospitali nzima ina mtu mmoja wa programu na mtu huyo ana mama mgonjwa.

Asubuhi mgonjwa wa njano alipangiwa mashine ya pili, nyeupe. Mfumo ukakubali bila hata kukohoa. Sista Mkuu ndiye aliyemwona, sindano ikiwa bado mezani. Ana miaka thelathini kazini na anawajua wagonjwa kwa miguu yao.

Kosa ni langu. Uhakiki nilikuwa nimeuweka kwenye fomu ya skrini tu, ile ya mezani kwa wauguzi. Mwezi jana wakaletewa vishikwambi, navyo vinapeleka taarifa kwa njia yao, havipiti kwenye ile fomu. Niliweka mlinzi mlango wa mbele, na nyumba ina mlango wa uani.

Bosi, mkuu wa idara yetu, ameniita. "Hili lisijirudie," akasema, akarudi kuangalia simu yake.

Jumatatu, Machi 9

Kilo 54.1, kisha 52.2. Mama na Mwalimu wamegombana tena.

Mwalimu wa Hesabu ni mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya darasani. Anasafishwa zamu ya asubuhi kwenye kiti cha mashine ya nne. Mama anakikalia kiti hichohicho mchana. Miaka miwili sasa wanapokezana kiti, na sidhani kama wamewahi kukaa pamoja zaidi ya dakika tano. Mwalimu humwachia gazeti lenye fumbo la maneno alilolijaza nusu. Mama hulimalizia, humsahihishia kwa kalamu nyekundu, na kumrudishia kupitia kwa wauguzi. Leo alimkuta mlangoni.

"Wewe mzee, mto wenye herufi tano hauwezi kuwa na herufi sita."

"Mama, mimi ni wa hesabu, siyo wa mito."

"Basi hesabu!"

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Jumatano, Machi 11

Kilo 53.6, kisha 52.0.

Nimemaliza. Nimeuhamisha uhakiki kutoka kwenye fomu na kuuweka kwenye modeli yenyewe, yaani pale ambapo kila rekodi lazima ipite kabla ya kuhifadhiwa, iwe imetoka kwenye skrini, kwenye kishikwambi au kwa mkono wangu mwenyewe. Kisanduku cha kujaza namba ya mashine sasa hakijiangalii peke yake. Kinamuuliza mgonjwa: majibu yako ya mwisho ni yapi, na ni ya lini? Kinaiuliza mashine: stika yako rangi gani? Wakipatana, hifadhi. Wasipopatana, kataa. Majibu yakizidi siku tisini, kataa. Yakiwa hayapo kabisa, kataa. Na rekodi isipohifadhiwa, karatasi ya kuchukulia vifaa haitoki. Karatasi isipotoka, stoo haitoi chujio la damu. Bila chujio hakuna wa kuwasha mashine.

Ujumbe wa kukataa nimeuandika mimi, nikaufikiria muda mrefu ili usiwe mkali: Samahani, mashine hii hailingani na majibu ya mgonjwa.

Nimejaribu kuudanganya kwa njia kumi na moja. Umenishinda zote. Tangu Mama augue sijajisikia hivi, kwamba kuna kitu kimoja duniani nimekifunga na hakivuji.

Ijumaa, Machi 13

Kilo 53.9, kisha 52.3.

Simu tisa kabla ya saa mbili asubuhi. Ya mwisho ilikuwa ya Sista Mkuu.

"Fundi, nina mtu hapa, mshona viatu, miguu imemvimba anashindwa kuvaa hata ndala. Skrini yako inaniambia samahani."

"Majibu yake yako wapi, Sista?"

"Damu ilichukuliwa Jumanne. Majibu hayajarudi."

"Basi yakirudi yaingizwe, mfumo utakubali."

"Mwanangu, hapa umeandika ndiyo, umeandika hapana. Sijui umeiandika wapi?"

"Kompyuta haina sijui, Sista."

Akasema haya, akakata. Jibu langu nililipenda. Nilimsimulia Bosi naye akalipenda.

Hawa wauguzi, ukiwawekea uzio leo, kesho watakuomba ufunguo. Wamezoea kila jambo lipitie kwenye macho ya Sista Mkuu. Sista Mkuu akistaafu itakuwaje? Macho hayaachwi kama urithi.

Jumapili, Machi 15

Mvua tangu jana mchana bila kupumzika. Wanasema maji yameingia maabara, chumba chote cha chini.

Jumatatu, Machi 16

Kilo 54.6, kisha 52.4. Maabara imefungwa. Sampuli zote zinapelekwa mji mwingine. Majibu wiki tatu. Nikajiandaa kwa simu.

Jumatano, Machi 18

Kilo 54.0, kisha 52.1. Hakuna simu hata moja.

Ijumaa, Machi 20

Kilo 53.8, kisha 52.0. Hakuna simu. Nguo hazikauki, nyumba inanuka shuka mbichi. Mama ameiba kikombe cha chai na kukanusha huku kikombe kiko mkononi.

Jumatatu, Machi 23

Kilo 54.2, kisha 52.2.

Wiki nzima kimya. Katika mkutano Bosi amesema kitengo cha kusafisha damu sasa ni mfano wa kuigwa: rekodi zote zimekamilika, hakuna hata moja iliyokataliwa. Wakanipigia makofi. Nimechoka kiasi kwamba niliyapokea nikiwa nawaza kama nimezima jiko.

Kimya hiki nakielewa hivi: watu hulalamika, kisha huzoea.

Ijumaa, Machi 27

Kilo 53.9, kisha 52.1. Mvua. Nilifika mapema kumchukua Mama. Aliponiona naingia, muuguzi mdogo, yule tunayemwita Kicheko kwa sababu hacheki, alikigeuza kishikwambi chake kifudifudi. Nilidhani alikuwa anachati.

Jumatano, Aprili 1

Kilo 54.3, kisha 52.2. Mkojo hakuna. Maji vikombe viwili, anaapa.

Jumatatu, Aprili 6

Kilo 54.0, kisha 52.0. Nimelala na viatu.

Jumanne, Aprili 7

Siku ya leo nitaiandika yote, hata ikimaliza daftari.

Asubuhi majibu ya maabara yamerudi kutoka mji wa mbali, furushi zima. Saa nne daktari wa figo amenipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu wa Hesabu ana homa ya ini. Desemba hakuwa nayo. Ameipata wapi hakuna ajuaye. Daktari alitaka kitu kidogo tu: orodha ya waliokaa kwenye mashine ya nne baada ya Mwalimu tangu katikati ya Machi. Kazi ya dakika mbili. Hiyo ndiyo raha ya mfumo wangu, unauliza unajibiwa.

Nikauliza. Mfumo ukajibu kwamba Mwalimu hajasafishwa damu tangu Machi 13.

Nikaisoma tena. Mtu wa figo hakai siku ishirini na tano bila mashine akabaki kujaza mafumbo. Na Ijumaa iliyopita nilimwona kwa macho yangu anatoka na mwavuli, akaniambia nimsalimie mhariri wangu wa nyumbani.

Nikamtafuta Mama. Machi 13.

Nilikaa nikiangalia tarehe hiyo mpaka skrini ikajizima. Mama nampeleka mwenyewe kila mara, namsubiri, namrudisha. Uzito wake upo humu, kila ukurasa, kwa mwandiko wangu. Kwa mfumo wangu hayo yote hayajatokea.

Nikageuza swali. Nikauliza: tangu Machi 16, nani amekaa mashine ya nne? Jina lilikuwa moja. Mgeni. Jina la kwanza Mgeni, la pili Mgeni, amezaliwa Januari mosi, majibu ya homa ya ini safi, yameingizwa Machi 16 saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Tangu siku hiyo Mgeni amesafishwa damu mara sitini na tatu. Machi 23 alfajiri alikuwa kwenye mashine ya pili, ya nne na ya saba kwa wakati mmoja. Hakuna rekodi yake hata moja iliyokataliwa. Ndiye mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Chini kabisa ya kila rekodi kuna kisanduku cha maoni. Nilikiweka nikijua hakuna atakayekijaza. Hakihakikiwi na chochote. Vyote sitini na vitatu vilikuwa vimejazwa. "Huyu ni mshona viatu." "Huyu ni Mwalimu, presha juu kidogo." "Bibi wa mashine ya saba, ameletwa na mjukuu." Walikuwa wanaandika ukweli mahali pekee ambapo nisingewauliza.

Rekodi ya kwanza ya mchana, Machi 16, mashine ya nne: "Huyu ni mama wa Fundi. Kipimo chake kimepita muda. Fundi asiambiwe."

Imerudiwa mara kumi. Kuanzia ya pili wamefupisha: "Mama wa Fundi."

Nikampigia Kaka. Nikamuuliza kuhusu maabara, ile siku. Kumbe aliiacha fomu mapokezi akidhani watakuja kumtoa Mama damu kitandani. Akaniuliza kwani mimi sikuangalia kwenye kompyuta. Sikuangalia. Sheria ya siku tisini niliiandika kwa mkono wangu na siku za mama yangu mwenyewe sikuzihesabu.

Nyumbani nilimkuta anakunja nguo mbichi.

"Mama, ulijua?"

Akaendelea kukunja. "Sista alisema jina langu limegomewa na mashine yako. Nikamwambia asikwambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua. Ungelia kwanza, halafu ungenikalisha nyumbani kwa sheria." Akaniangalia. "Ungenikalisha?"

Nikachukua nguo moja nikaanza kukunja. Jibu ninalo na ndilo linalonichoma. Nisingemkalisha. Ningeingia kwa nywila yangu nikamfungulia mama yangu, yeye peke yake, baada ya kumwambia Sista kwamba kompyuta haina sijui.

Jumatano, Aprili 8

Kilo 54.4, kisha 52.3. Amesafishwa peke yake kwenye mashine iliyooshwa mara mbili. Damu yake imechukuliwa.

Nilikwenda kwa Bosi na kila kitu nimekichapa. Akasoma ukurasa mmoja.

"Mfute huyu Mgeni."

"Tukimfuta, na maoni yanafutika. Hatutajua nani alikaa baada ya nani."

"Nilisimama mkutanoni nikasema sisi ni mfano wa kuigwa."

"Najua. Nilikuwepo, nilipigiwa makofi."

Akasema nifikirie. Nikamwambia nimeshafikiria, na nakala iko kwa daktari. Si ushujaa. Nilikuwa nimechoka mno kuficha kitu kingine.

Kisha nikashuka kitengoni. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima ya ngazi. Sista Mkuu alikuwa anavaa soksi zake, miguu yake mwenyewe imevimba, akanitangulia kusema.

"Ni mimi. Kicheko alibonyeza tu, aliyemwamuru ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia, Sista?"

"Nilikwambia, mwanangu. Ile Ijumaa. Yule mshona viatu nilimrudisha nyumbani kama ulivyosema. Jumapili aliletwa hapa amebebwa, mapafu yamejaa maji, anazama akiwa kitandani. Tulimpata kwa bahati. Jumatatu nikasema simrudishi mtu tena. Tukamsajili Mgeni." Akacheka bila furaha. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Na Mwalimu?"

Hapo kicheko kikaisha. "Mwalimu sikumjua. Miguu yake ilikuwa ileile. Macho yangu hayaoni virusi."

Tukakaa. Nilikuja nimejaa hasira, nikabaki naye kwenye benchi la wagonjwa, tukiangalia mvua kupitia dirisha moja. Mfumo wangu ulimzuia kusema hajui. Akalazimika kusema uongo, na uongo ukapita, kwa kuwa ulikuwa umejazwa vizuri.

Alhamisi, Aprili 9

Siku nzima mimi, Sista Mkuu na Kicheko tumesoma maoni sitini na matatu, moja baada ya jingine, tukimvua Mgeni watu wake. Mimi nasoma, Sista anataja jina kamili, Kicheko analinganisha na daftari la uzito. Pale walipobishana kuhusu siku za mashine ya nne nilitoa daftari hili mkobani. Saa Mama alipoingia, saa aliyotoka. Halikuwahi kuhakikiwa na yeyote, na ndilo lililomaliza ubishi.

Nyuma ya Mgeni walikuwepo watu tisa. Waliokaa kwenye mashine baada ya Mwalimu ni watano. Mama ni mmoja wao, na ndiye aliyemfuata mara nyingi kuliko wote, moja kwa moja, kiti kikiwa bado cha moto. Chanjo yake ilibaki sindano moja kukamilika.

Saa kumi Mgeni alibaki na rekodi sifuri. Sikumfuta. Nilimfunga tu.

Ijumaa, Aprili 10

Kilo 54.0, kisha 52.1. Sista Mkuu amewaambia wote watano mwenyewe, kiti kwa kiti, amekataa kutuma mtu. Mmoja alimtukana. Alisimama akapokea.

Mwalimu amehamishiwa nyuma ya kioo, mashine ya tisa, zamu ya mchana. Mama amemwandikia kwenye gazeti: "Pole. Herufi bado umekosea."

Jumatano, Aprili 15

Kilo 53.9, kisha 52.0.

Nimeiandika upya sheria, safari hii nikiwa nimekaa kitengoni, Sista akichungulia nyuma ya bega langu. Majibu sasa yana hali tatu: hana, anayo, haijulikani. Asiyejulikana harudishwi nyumbani. Anapelekwa mashine ya nane, imetengwa kwa ajili hiyo. Anakuwa wa mwisho, mashine inaoshwa baada yake, na mfumo unadai jina la aliyeruhusu. Na siku kumi kabla ya majibu kuisha unapiga kelele mapema, ili asiwepo mtu wa kudhani mwenzake ameshughulikia.

"Hiyo ya jina la aliyeruhusu," Sista akasema, "weka langu."

"Sista, ni kisanduku. Litakuwa la yeyote aliye zamu."

"Najua. Kwa leo weka langu."

Ijumaa, Aprili 17

Kilo 53.8, kisha 52.1. Maabara yetu imefunguliwa tena, na majibu ya wote watano ni safi. Kitengo kizima kilishangilia. Daktari akanyoosha mkono: mapema mno, virusi huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kipimo cha pili mwishoni mwa Mei.

Jumatatu, Aprili 20

Barua ya onyo kwa Sista Mkuu. Si Mkuu tena, ni Sista. Barua ya onyo kwangu pia, lugha ileile, tarehe ileile, wamebadilisha jina tu. Sijaiona haki katika hilo. Yangu ilipaswa kuwa ndefu zaidi.

Jumatano, Aprili 29

Kilo 54.1, kisha 52.2. Mvua.

Jumatatu, Mei 4

Kilo 53.9, kisha 52.0. Mvua. Mashine ya nane imetumika mara mbili leo. Jina la aliyeruhusu: Kicheko.

Ijumaa, Mei 8

Kilo 53.5. Mama hasemi kitu kuhusu kipimo. Mimi pia. Tunazungumza sana kuhusu shuka.

Alhamisi, Mei 14

Kaka amekuja bila kutoa ushauri. Alimpeleka Mama sindano ya mwisho ya chanjo, akarudi na karatasi yenye mhuri, akaiweka mbele yangu mezani kama mtoto wa shule. Nikamwambia asante, kaka. Tukanywa chai, Mama akitutazama vikombe.

Ijumaa, Mei 22

Kilo 53.6, kisha 51.9. Mvua imekatika tangu jana. Damu za kipimo cha pili zimechukuliwa.

Jumatano, Mei 27

Wanne ni safi.

Mama anayo.

Niliyaona majibu kwenye skrini kabla ya daktari kunipigia. Ndiyo shida ya kuwa na nywila ya kila mlango. Nikatoka nje, nikasimama uani, jua limewaka kila kitu kinatoa mvuke, nikalia mbele ya mtu wa bustani, akajifanya anatafuta koleo.

Nilimwambia Mama nyumbani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka yote kwa pamoja: kwamba mlango nilifunga mimi, kwamba nisingekuwa mkaidi Sista asingemsajili Mgeni, kwamba asingekaa baada ya Mwalimu.

Aliniacha nimalize. Alikuwa anafyonza barafu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Bila huyo Mgeni ningekufa Machi kama yule wa viatu alivyotaka kufa. Na Mgeni huyohuyo ndiye kanipa huu ugonjwa. Yote mawili ni kweli, usiniletee moja." Akatema barafu mkononi, akaitazama. "Halafu acha kulia, unanitia kiu."

Ijumaa, Mei 29

Leo Mama alipopimwa uzito, muuguzi mgeni wa zamu, asiyejua lolote, aliandika mashine ya nne kwa mazoea, kwa kuwa rekodi zake zote za nyuma ni za nne. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Skrini ikamwambia: Samahani, mashine hii hailingani na majibu ya mgonjwa.

Akageuka kuniuliza afanye nini. Maneno yalikuwa yangu, hata ile samahani. Nikamwambia aandike ya kumi. Rekodi ikahifadhiwa, karatasi ikatoka, stoo wakatoa chujio. Kila kitu kimefanya kazi kama nilivyokusudia Machi.

Sista ndiye aliyemshika Mama mkono. Si zamu yake, alikuja na nguo za nyumbani. Wakatembea taratibu kukipita kiti cha nne, Mama akakigusa mgongo, wakaingia nyuma ya kioo. Mwalimu alikuwa ameshaunganishwa kwenye mashine ya tisa, gazeti limefunguliwa magotini. Alipomwona Mama alijaribu kusimama, mirija ikamkataza. Akafungua kinywa, sauti yake yote ya darasani ikapotea.

"Mama, mimi..."

"Sogeza gazeti," Mama akasema. "Miaka miwili naletewa nusu."

Nilibaki upande huu wa kioo kwa saa nne. Nilikuwa nawaona wakibishana, kalamu nyekundu ikihama mkono hadi mkono. Sikuwa nasikia neno.

Kilo 53.0 kabla, 51.8 baada. Maji: vikombe viwili, kwa maneno yake. Nimeandika viwili.